Rangi Imerudi

Pale Otonglo huwezi kuficha hata chunusi. Mimi nakaanga mgongo wazi kando ya barabara ya Busia, ile mifupa ya mbuta inayobaki kiwandani minofu ikishaondoka, na kila anayeshuka pale lazima apite mbele ya karai langu. Ndiyo maana aliyeona kwanza hakuwa mimi mama mzazi. Alikuwa mteja, jamaa wa bodaboda, mdomo umejaa samaki. Alimtazama binti yangu aliyekuwa akipanga sahani akasema, "Mama Amolo, huyu mtoto unampaka nini? Mbona anageuka Mhindi?"

Watu wakacheka. Mimi nikamjibu, "Nampaka mafuta ya karai, kula uende." Lakini alipoondoka nilimvuta mtoto kwenye jua nikamwangalia, na kweli, yule bwege hakuwa amekosea. Amolo wangu alizaliwa mweusi tii, mweusi wa kung'aa, wa kwao baba yake hasa. Sasa paji la uso lilikuwa limefifia, na mikono ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nilijisemea ni jua la Kisumu linanidanganya macho.

Ngoja nieleze ugonjwa kwanza, maana watu wanapenda kuanza na rangi na kusahau damu. Amolo alikuwa na miaka tisa alipoanza kuchoka. Akitoka shule analala na viatu. Kisha nikimwogesha nikagusa kitu kigumu chini ya mbavu za kushoto, kitu ambacho hakikuwa pale. Nilifikiri ni minyoo. Daktari Ondiek wa kliniki ya watoto mjini alisema ni bandama imevimba, akachukua damu, na majibu yalipotoka akafunga mlango kabla ya kusema. Saratani ya damu. Nikalia mpaka nikaona haya, na yeye akaniacha nilie.

Nilipomaliza akanionyesha tembe ndogo ya rangi ya kahawia. "Mama, sikiza vizuri," akasema. "Anakunywa moja kila jioni akishakula, na maji mengi. Hii dawa haimponyi mtu akasahau. Inaufunga ugonjwa kamba. Siku ukiifungua ile kamba ugonjwa unaamka, na ukiamka unaamka na hasira. Usiruke hata jioni moja."

Sikuruka. Haki ya Mungu mimi Nangila sikuruka. Mvua inyeshe, stima ipotee tubaki gizani, karai liwe limejaa samaki na wateja wanapiga kelele, ikifika jioni naacha yote, namkalisha mtoto kwenye kigoda, anakula, nampa tembe yake, nampa kikombe cha maji, naangalia koo likipanda na kushuka. Na dawa ilifanya kazi. Lile jiwe la ubavuni liliyeyuka. Mtoto alirudi kuruka kamba na kutukana wenzake. Nilimwambia, "Amolo, hii tembe ni uhai wako. Ukiniangushia hata moja, nitakuchapa." Akaapa hataangusha hata moja.

Sasa ndiyo rangi ikaja. Nilimpeleka tena kliniki nikamwonyesha Daktari Ondiek ile mikono ya chai ya maziwa, na macho yaliyovimba kidogo asubuhi, na vipele mgongoni. Hakushtuka. Alisema dawa za zamani zilikuwa zinapiga mwili mzima, lakini hii inalenga. Inatafuta kitu kimoja tu kibovu kwenye damu. Bahati mbaya kwenye ngozi kuna kitu kinachofanana nacho, kile kinachotengeneza weusi, na dawa inakipiga pia. "Ni kama askari wa kanjo wakija sokoni kumtafuta mwizi mmoja," akasema. "Si wanaangusha na meza yako?" Kwa hilo nilimwelewa kabisa, maana meza yangu imeshaangushwa.

Sista Wakhisi, muuguzi wa pale, mtu wa kwetu Bungoma kabisa, aliona uso wangu bado umekunjamana. Akanishika bega. "Usijali, Mama Amolo. Hii rangi si ya kudumu. Dawa ikiachwa inarudi yenyewe. Lakini wewe huachi, sivyo?"

"Siachi," nikasema.

Amolo alikuwa kwenye benchi, anabembea miguu. Akauliza, "Inarudi kweli kweli?"

"Inarudi, mrembo," Sista akamwambia, akampa peremende. Tukaenda nyumbani.

Mume wangu ni Ogola. Yeye yuko Asembo Bay, ananunua samaki kwa wavuvi na kupakia kwenye lori la barafu, na wakati ule alikuwa anakuja kwetu Otonglo kila Jumamosi. Kule Asembo anakaa kwa mama yake, Rachael. Huyo mama mkwe hakunitaka tangu siku ya kwanza. Mimi ni wa Bungoma, na kwao mtu wa kuja anaitwa jamwa, hata ukizaa, hata ukijifunza kupika ugali wao mgumu wa mtama. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nililijua hilo nikiingia. Kijaluo nilijifunza cha kutosha kusikia nikitukanwa. Nyumbani kwangu na Ogola tulisema Kiswahili, na mtoto akakua hivyo.

Kitu kimoja tu kilinipa heshima kwa yule mama: jina la mtoto. Amolo alipozaliwa alilia usiku na mchana, ziwa hataki, mgongo hataki. Wajaluo wanasema mtoto wa hivyo anadai jina, kuna mtu wao wa zamani anataka kurudi. Wakaita majina, huyu na yule, mtoto analia tu. Ogola akasema alimwota nyanya yake, dana wake aliyemlea, Amolo. Wakaita, "Amolo!" Mtoto akanyamaza palepale, akashika ziwa. Mimi mwenyewe nilikuwepo, nilisisimka. Tangu siku hiyo Ogola alimpenda yule mtoto kupita kiasi. Alikuwa akimwita dana, akimsalimia kama mtu mzima, na kila Jumamosi kichwa cha samaki kilikuwa cha Amolo. Debra, jina la ubatizo, lilikaa kwenye daftari za shule tu. Na mimi nikawa Mama Amolo, hata mama mkwe akawa ananiita hivyo, kwa shida lakini ananiita.

Likizo ya Aprili tulikwenda Asembo kwa ibada ya kumkumbuka baba mkwe. Amolo alivaa kofia pana kwa sababu ya jua. Rachael akasema ndani ya nyumba hakuna jua, avue. Mtoto akavua. Yawa! Mashemeji zangu wote waliokaa pale sebuleni wakashusha vikombe vya chai.

"Hii rangi imetoka wapi?" Rachael akauliza.

"Ni dawa, Mama. Daktari amesema."

"Dawa inaponya. Dawa hapana geuza mtu kabila." Akamvuta Amolo kwa kifundo cha mkono, akamwita mwanawe. "Ogola, leta mkono yako hapa. Weka karibu. Linganisheni, watu wote, linganisheni!"

Ogola akaweka. Mkono wake mweusi, na mkono wa mwanawe pembeni, na watu wakainuka kwenye viti kuja kutazama. Mtu mmoja akapiga mbinja.

"Nyar Bungoma," Rachael akaniambia. Binti wa Bungoma. Nikajua hapo hapo amenikataa, maana jina la Mama Amolo lilikuwa limekwisha mdomoni mwake. "Kabla mwanangu akuoe ulikuwa unauza vitambaa kwa duka ya Mhindi pale Kisumu. Ulikuwa unauza nini ingine?"

Mimi hasira zangu zinakaa karibu. Nikasimama. "Mtoto alizaliwa mweusi kuliko wewe! Wote mlimwona! Mhindi gani huyo anayechelewa miaka tisa njiani?"

"Damu inajificha," akasema, ametulia kabisa, amekunja mikono. "Ugonjwa umeifukuza, sasa imetoka nje. Hata huo ugonjwa si wetu. Kwetu nani amewahi kuugua damu?"

Nilimgeukia Ogola. Nilingoja aseme. Huyu ndiye aliyembeba mtoto mgongoni mpaka wodini, huyu ndiye aliyelia kuliko mimi. Alikuwa bado anautazama ule mkono. Kisha akatoa wa kwake, akaupangusa kwenye suruali, polepole, kama mtu aliyegusa magamba.

"Jina la dana lisikae hapo," akasema. "Aitwe Debra. Debra ni jina la kanisa, halina mwenyewe."

"Baba," Amolo akasema. "Mimi ni Amolo."

Hakumtazama. Akatoka nje kuwasalimia wageni wa kanisa. Shemeji mmoja akamimina chai tena. Mtoto akabaki amesimama katikati ya sebule, mkono wake bado uko mbele vilevile alivyoachwa, na hakuna aliyemwambia aushushe. Mimi ndiye niliyeushusha.

Jumamosi Ogola hakuja, wala iliyofuata. Nilimpigia simu nikamwambia twende wote kwa daktari, umsikie kwa masikio yako. Akasema, "Daktari ataniambia nini kuhusu damu yangu?" Nikamwambia wewe ni mjinga. Akasema sawa, mjinga amelala, usimwamshe. Akaanza kuuliza, "Mtoto wako anaendeleaje?" Mtoto wako! Nilikata simu, nikapindua meza yangu mwenyewe, nikakaa chini nikaokota samaki mmoja mmoja na mchanga wake.

Na shule je? Watoto ni wanyama, tusidanganyane. Walimwita Odiero, yaani mzungu. Wakamwita chapati. Walimpanga mstari wakati wa mapumziko wakawa wanamsugua mkono kuona kama weusi uko chini. Alikuja nyumbani ngozi imechubuka. Nilikwenda kwa mwalimu na mwiko mkononi, mwalimu akasema atalishughulikia, na kulishughulikia kwenyewe ni kumkalisha nyuma ya darasa peke yake.

Siku moja nilimkuta nyuma ya kibanda. Alikuwa amelipindua karai la zamani, anakwangua masizi ya chini kwa kijiko, anajipaka. Mikono yote miwili mpaka kwapani, shingo, uso. Macho tu ndiyo yalibaki. "Sasa niko kama Baba?" akaniuliza.

Kageha, jirani yangu wa Maragoli anayeuza viazi, mtu wa utani kila saa, alikuja akamwona. Alifungua mdomo kutania, akaufunga. Mimi nilimwosha yule mtoto kwa sabuni ya kipande mpaka maji yakatoka safi. Nilikuwa nalia na kumsugua, na nafikiri nilimuumiza.

"Mama, si Sista alisema nikiacha dawa inarudi?"

Nikamshika kwa mabega yote mawili. "Sikia wewe. Ukiacha dawa unakufa. Hakuna rangi, hakuna nini, unakufa."

Alifikiri. Matone ya maji yalikuwa yakimdondoka kwenye kidevu. "Na nikifa saa hii nitazikwa wapi?"

Mtu wa mbali hawezi kujua swali hilo lina uzito gani. Kwa Wajaluo mtu anazikwa kwa baba yake. Asiye na baba anazikwa pembeni kwenye ua, au kwa wajomba, au popote ardhi itakapokubali. Mtoto wa miaka tisa alikuwa ameshalipigia hesabu. Nikamwambia, "Huzikwi mahali popote, kwa sababu hufi. Unakunywa dawa yako unakuwa bibi kizee mwenye makelele." Akacheka kidogo. Jioni hiyo alikula, akapokea tembe, akanywa kikombe kizima cha maji bila kubembelezwa, akaenda mwenyewe nje kuosha sahani. Nikasema moyoni, ameelewa.

Tangu hapo hakunisumbua tena. Zamani alikuwa akilalamika kwamba tembe inamchefua. Sasa ananyoosha mkono kabla sijasema. Damu yake ilikuwa imetulia, daktari akatupa miadi ya mbali, baada ya likizo ya Agosti. Nikapumua. Nikawaza ya Ogola sasa, na ya Ogola nilikuwa nimeanza kuyazoea.

Halafu rangi ikaanza kurudi.

Ilianzia masikioni na kwenye vifundo vya vidole. Kisha shingo. Uvimbe wa macho ukashuka, vipele vikakauka. Kila asubuhi nilimwona ameiva zaidi, yule mtoto wangu wa mwanzo, mweusi tii, anarudi kidogokidogo. Otonglo nzima ikaona. Jamaa wa bodaboda akasema, "Mama Amolo, naona Mhindi amehama." Kageha akapiga vigelegele mpaka wateja wakageuka.

Mimi? Mimi niliogopa. Si kwamba sikuyakumbuka maneno ya Sista Wakhisi. Niliyakumbuka siku ileile nilipoyaona masikio. Jioni nikampa tembe, akanywa, nikamwambia fungua mdomo. Akafungua. Inua ulimi. Akainua. Hakuna kitu. Nikafanya hivyo jioni baada ya jioni, na kila mara mdomo ni mtupu, na ananitazama kwa macho ya mtu anayeonewa.

"Wewe nawe!" Kageha akanigombeza. "Mungu anakupa ugali, unauliza mahindi yalipandwa na nani. Mtoto amepona, shukuru, nyamaza."

Hata hivyo nilimpigia Sista Wakhisi. Akauliza, "Anakunywa dawa?" Nikasema anakunywa mbele yangu na mdomo nauchungulia. "Mlete Jumatatu," akasema. "Mlete hata kama anaimba." Nikasema nitamleta.

Lakini mdomo wa Otonglo una mbio kuliko bodaboda. Ijumaa jioni lori la barafu likasimama mbele ya kibanda changu na Ogola akashuka. Hatukuwa tumemwona tangu Aprili. Amolo alikuwa ameshika ndoo ya maji. Ogola akamtazama. Akasogea karibu, akamshika mkono, akakunja mkono wa shati lake mwenyewe, akaweka mkono wake pale. Akalinganisha. Mimi nilisimama na mwiko wangu mkononi.

Akapiga magoti kwenye majimaji ya samaki, mwanamume mzima, mbele ya wateja wangu wote. Akamkumbatia mtoto na ndoo yake. Alilia kwa sauti. "Dana," alikuwa anasema. "Dana, nisamehe."

Amolo hakulia. Alinitazama juu ya bega la baba yake, anatabasamu mpaka meno ya nyuma yanaonekana, na nilikuwa sijayaona meno hayo kwa muda mrefu sana. Jamani, nami nililia. Nani angejizuia?

"Ungeniambia ni dawa tu," Ogola akaniambia baadaye, amekaa kwenye kigoda anakula.

"Nilikuambia."

"Hukuniambia vizuri."

Ningemmwagia mafuta ya moto. Nikamwekea samaki mwingine. Akasema kesho ni sherehe Asembo, mama yake ameshaagiza mbuzi, jina linarudishwa mbele ya watu kama lilivyoondolewa. Nikasema Jumatatu tunakwenda kliniki. "Kliniki ya nini?" akauliza. "Mtu mwenye afya hapelekwi hospitali." Nikamwambia Ogola, Jumatatu ni kliniki, au huyu mtoto hatoki hapa. Akainua mikono. "Sawa, sawa, Mama Amolo. Nitawapeleka mwenyewe na lori." Mama Amolo! Nami nikayeyuka kama mjinga.

Asembo kulikuwa kumefungwa turubai. Kwaya ya kina mama, sufuria tatu za wali, mbuzi ameshachinjwa. Rachael alitupokea getini kwa wimbo. Akamshika Amolo kwa kifundo kilekile cha mkono, akamwita mwanawe, akapaza sauti. "Linganisheni sasa! Njooni, linganisheni! Nilimlilia mama mkwe wangu kila asubuhi nikamwambia, Amolo, usikubali kufukuzwa kwako. Amesikia! Amerudi kwa nyumba yake!" Vigelegele vikapanda mpaka ziwani. Mashemeji walewale wa vikombe vya chai wakaja mmoja mmoja kumsalimia mtoto kwa heshima, na aliyepiga mbinja akampa soda.

Nilingoja mtu aniambie mimi pole. Ng'o. Rachael alinipa kisu nikate vitunguu.

Amolo alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya baba yake. Wakamletea kichwa cha samaki, kikubwa, macho yote mawili. Alikigusa tu. Nilimwona akifuta jasho wakati upepo wa ziwa ulikuwa unavuma na wengine wamejifunika leso. Nilipopita na vitunguu nikamuuliza, una nini? "Nimeshiba furaha," akasema. Mtoto huyu na maneno yake!

Kabla ya kuliita jina, Ogola akaleta gauni. Jipya, la manjano, lina zipu mgongoni. Alikuwa amelinunua kwa kukisia, lakini alikisia vizuri, mabega yalikuwa sawa. Nikamwingiza mtoto chumbani kwa Rachael nimvalishe. Nje kwaya ilikuwa imeanza wimbo wa kuita.

Zipu ikapanda mpaka kiunoni ikakwama. Nikamwambia vuta tumbo ndani. Akavuta. Haikusogea. Nikasema, "Umekula nini wewe na hujala kitu?" Nikapitisha mkono ndani ya gauni kunyoosha kitambaa upande wa kushoto.

Kilikuwa pale. Kigumu, kipana, kimeshuka karibu na kitovu, kikubwa kuliko kile cha kwanza. Mkono wangu ulikijua kabla ya mimi. Nikapandisha gauni, na kwenye mapaja, juu ya ule weusi mzuri wa kwao, kulikuwa na madoa ya damu iliyovilia, mengi, mengine mapya.

"Amolo," nikasema. "Amolo, dawa."

Alinitazama, akaona kwamba nimejua. Hakuruka, hakukana. Akachukua mkoba wake wa shule aliokuja nao, akazamisha mkono chini kabisa, akatoa soksi moja nyeupe iliyofungwa fundo. Akaifungua juu ya kitanda cha nyanya yake. Zikamwagika. Tembe za kahawia, zimeliwa pembeni na mate, nyingine zimegandana mbilimbili, lakini zote zimepanguswa, zimekauka, safi. Za tangu siku ile ya masizi.

Alikuwa anazificha juu ya ufizi, kwenye shavu, huku mimi mpumbavu nikitazama chini ya ulimi. Halafu anakwenda kuosha sahani.

Nikakaa sakafuni. Nilitaka kupiga mayowe nikamwita Mungu, nikamwita Rachael aje alinganishe na hizi. Badala yake nilimshika mtoto kwenye magoti.

"Usilie, Mama," akasema, ananipapasa kichwa. "Sijaangusha hata moja. Nimekuwekea zote. Nilitaka Baba aniite kwanza, halafu ningezinywa zote pamoja."

Nje kwaya ikanyamaza. Nikasikia Ogola akikohoa kusafisha koo, kisha sauti yake, kubwa, inatetemeka kwa furaha, ikiita mbele ya watu wote wa Asembo.

"Amolo! Amolo nyathina, mwanangu, toka nje watu wakuone!"

Mtoto akanyoosha gauni lake kwenye lile tumbo, zipu bado iko wazi mgongoni.

"Unasikia, Mama?" akaninong'oneza. "Ananiita."